Nguvu Imekwenda Wapi? Fizikia na Mashine Kongwe ya Kuchomelea

Katika karakana nyingi, za shule na za mitaani, ipo mashine iliyosukumwa kwenye kona, ikafunikwa gunia, na juu yake yakawekwa makopo ya rangi. Fundi akiulizwa habari zake hujibu kwa maneno machache: "Imezeeka hiyo. Haina moto." Aghalabu ni mashine ya kuchomelea vyuma kwa waya unaosukumwa na mota na kukingwa kwa gesi, ile ambayo mafundi huiita MIG. Katika siku zake njema iliunganisha madawati, mageti na vitanda vya mabweni. Kisha, kidogo kidogo au kwa ghafla, waya wake ukaanza kugonga chuma kwa kigugumizi, na utepe wa chuma kilichoyeyuka ukawa unakaa juu ya kazi kama uji uliomwagika sakafuni, bila kuzama wala kushikamana. Mwisho wa kisa hicho unajulikana. Mashine huandikwa kuwa chakavu, na ombi la kununua mpya huandaliwa.

Ni nadra mtu kuuliza swali moja jepesi: je, mashine hiyo ilipimwa? Si kutazamwa tu, wala kupigwa teke na kuwashwa upya, bali kupimwa kwa mita na vipimo vyake kuandikwa? Makala haya yanadai kwamba hukumu nyingi za namna hii hutolewa bila ushahidi. Na kwamba shule inayofundisha Kanuni ya Ohm siku ya Jumatatu, kisha siku ya Jumanne ikaitupa mashine pasipo kuipima, bado haijaifundisha kanuni hiyo. Imeikaririsha tu.

Neno lenye maana nyingi

Ugumu wa jambo hili waanzia katika lugha. Neno "nguvu" ni kama gunia lililotiwa nafaka za kila aina. Mchukuzi ana nguvu, dawa ina nguvu, hoja ina nguvu, na mashine pia ina nguvu. Fizikia hailiachi gunia hilo likiwa limefungwa. Hulifungua na kuchambua. Kuna kani, ambayo husukuma au kuvuta. Kuna nishati, ambayo ni uwezo wa kufanya kazi. Na kuna nguvu kwa maana yake halisi ya kisayansi, yaani nishati inayotumika katika kila sekunde, ambayo hupimwa kwa wati. Katika umeme wa mkondo mnyofu, nguvu hiyo hupatikana kwa kuzidisha volteji na mkondo.

Fundi asemaye kwamba mashine imepungua nguvu hasemi uongo. Jicho na sikio lake vimeona na kusikia jambo la kweli. Lakini hajasema ni kitu gani kilichopungua. Je, ni volteji? Je, ni mkondo? Au ni kasi ya waya? Kila kimojawapo kina chanzo chake na kipimo chake, na mtu anayetibu kimoja hali kinachoumwa ni kingine atapoteza fedha na siku, na mashine itabaki vilevile.

Isitoshe, sayansi inafundisha kwamba nishati haipotei. Hubadilika umbo na kuhama mahali. Ikiwa wati 3,000 zilizotarajiwa kufika kwenye chuma hazikufika, basi ama hazikutoka katika laini ya umeme, ama zimetoka na kugeuka joto mahali pasipostahili. Kwa hiyo swali la kisayansi si "kwa nini mashine imekufa?" bali ni "nguvu imekwenda wapi?" Swali la kwanza ni maombolezo. La pili lina jibu, na jibu lake linaweza kutafutwa hatua kwa hatua.

Safari ya umeme ndani ya mashine

Namna hii ya kuchomelea ilibuniwa nchini Marekani mwaka 1948, katika taasisi ya utafiti iitwayo Battelle Memorial Institute. Mwanzoni ilitumika zaidi kwa aluminiamu, ikikingwa na gesi ghali kama agoni. Katika miaka ya 1950 ilipogundulika kuwa kaboni dayoksaidi yaweza kuikinga kazi ya chuma cha kawaida, gharama ikashuka na mashine zikaenea katika karakana za dunia nzima.

Mashine kongwe ya aina hii ina sifa moja kubwa: inasomeka. Ukifungua ubavu wake unaona safari yote ya umeme kwa macho. Umeme wa volti 230 huingia ukiwa mkondo geu, wenye mizunguko 50 katika kila sekunde. Hupita kwenye swichi na kontakta, kisha huingia katika transfoma, ambayo huishusha volteji hadi makumi machache ya volti na wakati huohuo kuuongeza mkondo. Swichi ya hatua kwenye uso wa mashine huchagua sehemu ya nyaya za transfoma itakayotumika. Hapo ndipo fundi anapoongeza au kupunguza volteji. Kutoka katika transfoma umeme hupita kwenye daraja la daiodi, ambazo huuruhusu kwenda upande mmoja tu, ukawa mkondo mnyofu. Katika mashine nyingi zipo pia kapasita za kujaza mabonde yanayoachwa kati ya mawimbi, na koili nzito ya kuuzuia mkondo usiruke kwa ghafla. Mwishoni umeme hupita katika kebo nene hadi kwenye tochi, ukaingia katika waya kwa njia ya ncha ndogo ya shaba, ukaruka kwa tao la moto mkali hadi kwenye kazi, na kurudi katika mashine kupitia kibano ambacho mafundi hukiita ethi.

Mwanafunzi akiifuata safari hiyo kwa kidole kwenye mchoro, atagundua kwamba hakuna kituo hata kimoja asichokuwa amekisoma darasani. Transfoma, daiodi, kapasita, koili, ukinzani: vyote vimo katika fizikia ya sekondari. Mashine hiyo ni kitabu cha kiada kilichofungwa kwa bolti.

Ukinzani mdogo, hasara kubwa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mashine ya kuchomelea, ufa huo ni ukinzani mdogo unaozaliwa mahali ambapo chuma hukutana na chuma: kibano cha ethi kilicholegea, bolti yenye kutu, ncha ya shaba ambayo tundu lake limepanuka kwa kuliwa na waya, au nyuso za swichi zilizoungua.

Na ichukuliwe kwamba fundi anachomelea kwa ampea 150, na kwamba tao linahitaji volti 20. Nguvu inayohitajika ni wati 3,000. Kibano cha ethi kimeshika kutu, na ukinzani wake umefika ohm 0.02. Kwa mita ya kawaida ukinzani huo hauonekani kabisa. Hata nyaya za mita yenyewe zaweza kuwa na ukinzani mkubwa zaidi. Lakini Kanuni ya Ohm haisahau. Ampea 150 zikipita katika ohm 0.02, volti 3 hubaki kwenye kibano. Hizo ni asilimia 15 ya volteji ambayo tao lilihitaji. Nguvu inayoteketea hapo ni wati 450, na yote ni joto. Joto hilo lingeelekezwa lote katika maji, lingechemsha nusu lita kwa muda wa dakika zipatazo sita. Ndiyo maana mkono wa fundi mzoefu, unapokaribishwa kwenye kebo baada ya kazi, unaweza kueleza mengi: mahali palipo na moto pasipotakiwa ndipo nguvu ilipokwenda.

James Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba joto hilo hukua kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Hii ndiyo sababu kiungo kisichodhuru redio au taa huweza kuiangusha mashine ya kuchomelea. Kadhalika, mashine nyingi za zamani zina transfoma zilizosukwa kwa nyaya za aluminiamu badala ya shaba. Aluminiamu ikikutana na hewa hufunikwa mara moja na utando mwembamba wa oksaidi, ambao haupitishi umeme. Kiungo cha aluminiamu kilichokazwa kwa bolti kikipata joto na kupoa kwa miaka mingi, hulegea. Kikilegea, oksaidi huingia. Oksaidi ikiingia, ukinzani huongezeka na joto huzidi. Ugonjwa hujilisha wenyewe. Transfoma nzima hulaumiwa, kumbe kosa ni la bolti moja iliyohitaji kusafishwa na kukazwa.

Ufa mwingine uko nje ya mashine kabisa. Karakana nyingi ziko mbali na ubao wa umeme, na waya wa kuunganishia hununuliwa kwa kutazama bei. Shaba yenye unene wa milimita za mraba 1.5, kwa umbali wa mita 50, yaani mita 100 za kwenda na kurudi, ina ukinzani wa zaidi kidogo ya ohm moja. Mashine ikivuta ampea 25, volti zipatazo 29 humezwa njiani. Kati ya volti 230, zinazofika ni kama 201. Sehemu moja katika nane imekwisha kupotea kabla umeme haujaingia katika mashine, na kwa kuwa transfoma hugawanya kwa uwiano ule ule, volteji ya kuchomelea nayo hupungua kwa sehemu moja katika nane. Waya wa milimita za mraba 6 ungepoteza volti 7 tu. Mashine kama hiyo ikipelekwa kwa fundi wa mjini, na huko ikaunganishwa kwa waya mfupi na mnene, itafanya kazi vizuri. Itarudishwa shuleni, nayo itaugua tena. Watu watasema ina pepo. Haina pepo, ina Kanuni ya Ohm.

Mgonjwa hupimwa akiwa kazini

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, na ndipo mwalimu wa fizikia anapoweza kutoa mchango ambao fundi peke yake hataupata. Fundi mwenye mita huiwasha mashine, huweka ncha za mita penye tochi na ethi pasipo kuchomelea, husoma kipimo kizuri, kisha husema, "Umeme upo." Na ni kweli upo. Lakini kipimo hicho kimechukuliwa wakati ambapo hakuna mkondo unaopita. Mkondo ukiwa sifuri, kiungo kibovu nacho hupoteza volti sifuri, kwa kuwa sifuri mara ukinzani wowote ni sifuri. Mashine iliyopumzika huficha ugonjwa wake, kama mtu mwenye moyo dhaifu anavyoonekana mzima akiwa ameketi kivulini.

Hali ya daiodi iliyokatika ni ya hila zaidi. Katika daraja la daiodi nne, moja ikikatika, nusu ya mawimbi ya umeme haipiti. Badala ya mapigo 100 kwa sekunde yanabaki 50. Katika mashine isiyo na kapasita, wastani wa volteji hushuka hadi nusu, na mita huonyesha hivyo papo hapo. Lakini penye kapasita, mapigo yaliyobaki yanatosha kuzijaza na kuzishikilia zikiwa zimejaa maadamu hakuna anayechomelea. Mita husoma volteji inayokaribia ile ya kawaida. Fundi akigusa chuma, akiba humwagika mara moja, na volteji huanguka. Kipimo hakikudanganya, kilijibu swali ambalo halikuwa swali lenyewe.

Historia ina mfano wa ajabu wa jambo hili hili. Georg Simon Ohm, ambaye jina lake hutajwa kila siku darasani, alikuwa mwana wa fundi makufuli wa mji wa Erlangen nchini Ujerumani, na wakati wa majaribio yake hakuwa profesa wa chuo kikuu bali mwalimu wa shule ya sekondari mjini Cologne. Majaribio yake ya kwanza yalimsumbua, kwa sababu betri za wakati ule hazikuwa imara. Volteji yake ilibadilika kadiri zilivyotoa mkondo. Ndipo alipotumia kiungo cha shaba na bismathi, upande mmoja katika maji yanayochemka na upande wa pili katika barafu, akapata chanzo kisichoyumba. Alichapisha kitabu chake mwaka 1827. Kanuni inayokaririwa leo ilizaliwa pale mwalimu wa sekondari alipotambua kwamba chanzo cha umeme huonyesha tabia yake ya kweli kinapofanyishwa kazi.

Basi, utaratibu unaofaa ni huu. Kwanza, ulizwe mtumiaji: je, upungufu ulikuja kwa ghafla au kidogo kidogo? Uko katika hatua zote za swichi au katika hatua moja? Upungufu wa ghafla huelekeza kwenye daiodi, fyuzi, au, kwa mashine ya fezi tatu, fezi moja iliyokatika. Upungufu wa polepole huelekeza kwenye viungo, vumbi na kutu. Pili, volteji inayoingia ipimwe mara mbili, kabla ya kuchomelea na wakati wa kuchomelea. Tofauti kubwa ni mashtaka dhidi ya waya wa kuunganishia. Tatu, volteji inayotoka ipimwe katika kila hatua ya swichi, nayo ipande kama ngazi. Ngazi ikikosa kidato kimoja, swichi ndiyo mtuhumiwa. Nne, wakati mtu mmoja akichomelea, mwingine aweke ncha za mita upande huu na upande huu wa kila kiungo cha kebo ya kutoa, kimoja baada ya kingine. Kiungo kizuri husoma karibu na sifuri. Kiungo kinachosoma volti moja au zaidi kimejitaja chenyewe.

Kwa njia hii ukinzani ambao mita haiwezi kuupima moja kwa moja hudhihirika kwa volteji inayoachwa. Hakuna kipuri kilichonunuliwa bado, na kosa limekwisha kufungiwa katika eneo dogo.

Moto mdogo usiotokana na umeme

Lipo pia kosa ambalo si la umeme kabisa ingawa dalili zake ni zile zile. Katika mashine ya fimbo, ile ya kawaida mitaani, fundi huchagua mkondo moja kwa moja. Katika mashine ya waya mambo ni tofauti: fundi huchagua volteji na kasi ya waya, na mkondo hufuata kasi hiyo. Waya ukija kwa haraka, mkondo hupanda ili uuyeyushe wote. Ukija polepole, mkondo hushuka. Kwa hiyo mrija wa ndani ya kebo ukijaa vumbi, au magurudumu madogo yanayosukuma waya yakisagika, waya huteleza, mkondo hupungua, na fundi husema mashine haina moto. Anaweza kununua daiodi mpya zote nne bila ya kupata nafuu yoyote.

Jaribio la kuligundua kosa hili halihitaji hata mita. Waya usukumwe kwa sekunde 10 bila kugusa kitu, ukatwe, upimwe kwa rula, na urefu wake uzidishwe kwa sita. Hiyo ndiyo kasi kwa dakika. Jaribio lirudiwe kebo ya tochi ikiwa imenyooka, kisha ikiwa imepindwa. Vipimo viwili vikitofautiana sana, mrija una kasoro. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kulifanya chini ya uangalizi wa mwalimu, na atakuwa amejifunza kwamba kutofautisha dalili na chanzo ndiyo roho ya sayansi.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaopinga. Pingamizi la kwanza ni la hatari, nalo ni la haki. Umeme wa laini huua. Kapasita zaweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Mwanga wa tao huunguza macho. Kwa sababu hiyo mipaka haina budi kuwekwa. Mwanafunzi asifungue kamwe mashine iliyounganishwa na umeme. Vipimo vya upande wa laini vifanywe na mwalimu au fundi aliyesomea umeme. Kapasita zimwagwe kwa kikinza kinachofaa, si kwa kugusanisha na bisibisi, na mita ithibitishe kuwa zimeisha kabla mkono haujaingia. Daiodi zipimwe mashine ikiwa imechomolewa na waya wake mmoja umefunguliwa. Lakini hatari si hoja ya kutofundisha. Kijana akimaliza shule atakutana na mashine hizi mitaani, huko zinakofunguliwa bila mipaka yoyote. Afadhali ajifunzie woga wenye maarifa mahali palipo na mwalimu.

Tena, hatari iko upande wa pili pia. Mashine dhaifu isiyopimwa huendelea kutumika, na hufanya maungo yanayoonekana mazuri juu huku ndani hayakushikana. Rangi hupakwa, na kasoro hufichika hadi siku mguu wa dawati unapovunjika chini ya mtoto, au ngazi ya tangi la maji inapoachia.

Pingamizi la pili ni la vifaa na muda: mihtasari imejaa, na shule nyingi hazina mashine wala mita. Ni kweli. Hata hivyo fizikia yenyewe haihitaji mashine kubwa. Balbu ya tochi, betri mbili na msumari wenye kutu vyatosha kuonyesha namna kiungo kibaya kinavyofifisha mwanga, na namna volteji ya betri ilivyo nzuri balbu inapochomolewa. Somo hilo halichukui zaidi ya kipindi kimoja, nalo si mada mpya. Ni mada ya zamani iliyotolewa kwenye ubao na kupewa miguu.

Pingamizi la tatu ni kwamba mashine hizi zimepitwa na wakati. Siku hizi mashine za inveta ni nyepesi, mtu huzibeba kwa mkono mmoja, na hutumia umeme kwa ufanisi zaidi. Hayo nayo ni kweli, na makala haya hayamshauri mtu aabudu chuma kikuukuu. Ikiwa nyaya za transfoma zimeungua na kugusana, mashine hiyo yafaa kustaafishwa. Lakini inveta nayo hulishwa kwa waya ule ule mwembamba, hushikwa kwa kibano kile kile chenye kutu, na waya wake hupita katika mrija ule ule wenye vumbi. Mtu asiyeweza kuipima mashine inayosomeka hataweza kuipima ile ambayo siri zake zimefungwa ndani ya ubao wa elektroniki. Ataitupa baada ya miaka miwili badala ya ishirini.

Pendekezo

Taifa hili halikuanza leo kuzungumzia elimu inayoshika chombo. Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973, na mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, mwaka 1994. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari. Karakana hazina budi kuwapo, na mashine zitanunuliwa. Zitazeeka pia, kama zilivyozeeka zile za kwanza. Kinachobaki kuamuliwa ni kama mashine ikizeeka itapelekwa kwenye kona au kwenye somo.

Mambo matatu yangeweza kuanza bila kungoja bajeti. La kwanza, kila mashine iwe na daftari lake, na siku inapoingia karakanani ikiwa nzima vipimo vyake viandikwe: volteji ya kuingia, volteji ya kila hatua, na kasi ya waya. Bila kipimo cha afya hakuna atakayejua ugonjwa umeanza lini. La pili, isiandikwe mashine yoyote kuwa chakavu pasipo karatasi ya vipimo kuambatanishwa, iliyotiwa saini na mwalimu wa fizikia pamoja na fundi. Sahihi hizo mbili zitawalazimisha watu wawili wa idara mbili, ambao mara nyingi husalimiana tu koridoni, kuinama juu ya kitu kimoja. La tatu, mitihani ya vitendo imtake mtahiniwa atafute kosa lililofichwa katika sakiti na aandike njia aliyopitia, na alama zitolewe kwa njia hiyo, hata kama kosa lenyewe hakulipata.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fizikia ya umeme kwa wanafunzi wengi imebaki mvunguni, kitu kinachosikika kikitajwa lakini hakishikwi. Ile mashine iliyofunikwa gunia ni mahali pazuri pa kuinamia. Huenda ikafunguliwa na kukutwa na bolti moja yenye kutu, ikasafishwa, ikakazwa, na jioni ile ile ikachomelea tena. Huenda pia ikathibitika kuwa imekufa kweli. Kwa vyovyote vile, darasa litajua kwa nini, na litaweza kuonyesha namba.